Kuandaa Raifo ya Magnum kwa Uwindaji wa Swala Lindi na Mtwara: Mwongozo Kamili

Katika miombo ya Liwale, Nachingwea, Kilwa na Nanyumbu, mwindaji hupewa nafasi ya risasi moja. Kongoni au palahala husimama kwa muda mfupi nyuma ya majani, na akishasikia mlio hatakungoja urekebishe shabaha. Kwa hiyo kila kitu kinachofanywa kwenye bunduki, kuanzia kaliba mpaka namna ya kufuta mafuta ndani ya mtutu, kifanywe kwa ajili ya risasi hiyo ya kwanza inayotoka kwenye mtutu baridi. Watu wengi huandaa bunduki kana kwamba wanakwenda kushindana kulenga karatasi, wakajivunia matundu matatu yaliyogusana huku mtutu umeshapata moto, kisha wakashangaa porini. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu ambaye tayari ana haki ya kumiliki silaha na anayetaka raifo yake ya magnum iwe ya kuaminika msituni.

Kibali kabla ya chuma

Umiliki wa bunduki nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi huanzia Polisi. Uwindaji wenyewe uko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, inayotekelezwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA. Leseni ya bunduki haimpi mtu ruhusa ya kuwinda, wala leseni ya kuwinda haihalalishi bunduki isiyo na kibali. Vyote viwili vinahitajika, na leseni ya kuwinda hutaja aina ya mnyama na idadi yake. Kuwinda usiku, kumulika wanyama kwa taa na kupiga risasi kutoka ndani ya gari ni marufuku. Mipaka nayo iangaliwe upya na mtu yeyote aliyezoea ramani za zamani, kwa sababu mwaka 2019 sehemu kubwa ya lililokuwa Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa aina yoyote.

Jambo jingine ni la ufundi. Kubadilisha mtutu, kuchonga chemba, yaani chumba cha kuingizia risasi, au kugusa utaratibu wa kufunga bolti, yaani kifungio cha chemba, ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni. Vivyo hivyo, kutengeneza risasi kunahitaji leseni yake, na mimi sioni sababu ya mwindaji wa swala kuitamani kazi hiyo, kwa kuwa risasi za kiwandani za kaliba hizi ni nzuri kuliko uwezo wa wapigaji wengi. Mwenye bunduki anabaki na kazi ya kuchagua, kufunga, kulinganisha, kujaribu na kutunza, nayo peke yake inatosha kumshughulisha msimu mzima.

Kaliba na mtutu

Neno magnum huashiria ganda kubwa linalobeba baruti nyingi kuliko risasi ya kawaida ya kipenyo hichohicho. .300 Winchester Magnum, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, hurusha kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni, cha greni 180, sawa na karibu gramu 11.7, kwa mwendo wa takriban mita 900 kwa sekunde kinywani mwa mtutu. Ndugu yake mkubwa kwa umri, .30-06 ya mwaka 1906, hurusha kichwa hichohicho kwa takriban mita 820. Huko Marekani tofauti hiyo hutafutwa na wanaowinda paa wakubwa wenye pembe za matawi katika mabonde mapana ya milimani, ambako mita 300 si mbali. Kwetu hali ni nyingine. Katika miombo yenye majani, nafasi nyingi huwa chini ya mita 150, na mwanzoni mwa msimu, mwezi Julai, nyasi zikiwa bado hazijaungua, mara nyingi utamwona mnyama kwa mita 60 au 80.

Je, magnum ina faida gani hapa? Faida yake ni kuweza kutumia kichwa kizito kilichotengenezwa imara na bado ukabaki na nguvu ya kutosha kwa mnyama mkubwa. Swala pala dume ana kilo 60 hivi, ilhali pofu dume anaweza kupita kilo 700, na wote wawili wanaweza kuwa kwenye leseni moja. Kama leseni yako ina swala pala, pongo na tohe tu, nakushauri kwa dhati uiache magnum, uchukue .308 au .30-06, maana bega lako litakushukuru na nyama itabaki nyingi. Nyati ni suala jingine kabisa. Kwake wawindaji huanzia kaliba ya .375, na bunduki inayoelezwa hapa haimhusu.

Mtutu wa .300 uwe na urefu wa sentimita 61 hadi 66. Mfupi zaidi hupoteza mwendo ambao ndio ulionunuliwa, na huongeza mlio na moto mdomoni. Mrefu zaidi hunasa kwenye matawi. Bolti napendelea ya mtindo wa Mauser wa mwaka 1898, yenye ukucha mrefu unaoshika kitako cha ganda tangu linapotoka kwenye magazini, kwa sababu haiachi ganda ndani ya chemba hata mikono ikiwa na haraka. Bunduki nzima pamoja na darubini iwe na kilo 4 au zaidi kidogo. Nyepesi kuliko hapo hufurahisha kuibeba, ila hupiga teke kiasi cha kumfanya mtu afumbe macho kabla ya kufyatua.

Kitako na kifyatulio

Kitako kikubali mwili wako. Umbali kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako huwa karibu sentimita 34 kwenye bunduki nyingi za kiwandani, kipimo kinachomfaa mtu wa urefu wa wastani aliyevaa shati tu. Fumba macho, inua bunduki begani, kisha fungua. Ikiwa jicho liko katikati ya darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo, kitako kinakufaa. Ikiwa unaona kivuli cheusi upande mmoja, fundi aongeze au apunguze.

Mbao ni nzuri kwa macho, lakini pwani yetu ina unyevu wa kuvimbisha mlango wa nyumba, sembuse kitako. Mbao ikivimba huusukuma mtutu upande mmoja, na risasi nayo huhama bila mtu kugusa kitu. Jaribio lake ni rahisi na linafaa kurudiwa kila mwezi wa mvua: chukua noti, ipitishe kati ya mtutu na mbao kuanzia kwenye ncha ya kitako, iburuze kuelekea kwenye chemba. Inatakiwa ipite bila kukwama mpaka karibu na mwanzo wa chemba. Ikikwama, weka alama ya penseli pale ilipokwama na umpelekee fundi, naye atapunguza mbao hapo na kuziba vinyweleo vyake kwa vanishi. Usikwangue mwenyewe kwa msasa ukiwa na haraka, kwani mbao iliyotoka hairudi.

Kifyatulio kinachoachia kwa uzito wa kilo 1.2 hadi 1.6 kinatosha. Kizito zaidi huivuta bunduki pembeni. Chepesi zaidi ni hatari kwa kidole chenye jasho na moyo unaokwenda mbio. Fundi akimaliza kukirekebisha, bunduki ikiwa tupu kabisa, funga bolti kwa nguvu mara kadhaa na ugonge kitako chini kwa kiasi ili kuhakikisha kwamba haijifyatui.

Darubini: mahali panapoharibu wengi

Kama bunduki nzuri imeanza kupiga ovyo, mtutu ni wa mwisho kushukiwa. Wa kwanza ni skrubu za darubini. Teke la magnum, likifuatiwa na saa kadhaa za gari kwenye barabara mbovu, hulegeza kila kitu ambacho hakikukazwa kwa kipimo.

Darubini ya ukuzaji wa mara 3 hadi 9, au ya mara 1.5 hadi 6, inafaa msitu wetu kuliko zile ndefu za mara 24 zinazouzwa kwa bei kubwa. Umbali wa jicho kutoka kwenye kioo usipungue sentimita 9, vinginevyo pete ya darubini itakukata nyusi siku ya kwanza. Kabla ya kuifunga, ng'oa besi zote, yaani vyuma vinavyobeba darubini juu ya bunduki, safisha mashimo ya skrubu kwa spiriti mpaka mafuta ya kiwandani yaishe, kisha zifunge tena kwa mkazo alioandika mtengenezaji. Skrubu za ringi nyingi, yaani pete zinazoishika darubini, hutaka karibu neutonimita 2, na kipimo hicho hakikisiwi kwa mkono. Tafuta bisibisi yenye kipimo, hata kwa kuazima. Kaza kwa kupokezana, upande huu kidogo na upande ule kidogo, ili mwanya wa ringi ubaki sawa kushoto na kulia.

Ili mstari wa wima wa darubini usilale, chukua timazi ya mwashi, ining'inize kwenye tawi umbali wa mita 30 hivi mahali pasipo na upepo. Laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, hakikisha kwa pima maji kwamba iko sawasawa, kisha zungusha darubini taratibu mpaka mstari wake ufuate uzi wa timazi kutoka juu hadi chini. Ndipo ukaze kwa mara ya mwisho, na uweke tone dogo la rangi ya kucha kati ya kichwa cha skrubu na ringi. Rangi hiyo ikipasuka safarini, utajua skrubu imesogea hata kabla ya kupiga risasi.

Risasi

Soma maandishi yaliyo kwenye mtutu na yaliyo kwenye kitako cha ganda, herufi kwa herufi. .300 Winchester Magnum, .300 Weatherby Magnum na .300 WSM (Winchester Short Magnum) ni risasi tatu tofauti, ingawa muuzaji anaweza kuziita zote "mia tatu". Kwamba risasi imeingia kwenye chemba si ushahidi kwamba ni yake, na kosa hilo linaweza kupasua ganda usoni mwa mpigaji.

Aina ya kichwa ndiyo inayoamua kama nyama itakuwa nyama. Kichwa chenye ncha laini na ganda jembamba la shaba, kikimgonga swala pala kwa mita 60 kikiwa bado na mwendo wa karibu mita 850 kwa sekunde, hupasuka mapema, kinaharibu mkono mzima wa mbele na wakati mwingine hakifiki moyoni. Risasi ngumu iliyofunikwa yote hutoboa na kupita bila kufunguka, na mnyama huenda kufia mbali kwa mateso. Chagua kichwa cha greni 180 ambacho madini ya risasi yaliyo ndani yake yamegandishwa na ganda lake la shaba, au kilicho cha shaba tupu, kwa sababu hivyo hufunguka kwa kiasi na kubaki na uzito wake hata kwa mwendo mkubwa wa karibu. Bei yake ni ya juu, lakini ukiilinganisha na leseni na mafuta ya gari, haina uzito.

Ukishachagua, nunua za kutosha za chapa moja na, ikiwezekana, za toleo moja lililoandikwa kwenye boksi. Kuchanganya chapa ni kuanza upya kazi yote ya kulinganisha. Zihifadhi mahali penye ubaridi. Risasi zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari jua la Oktoba likiwaka huwa na shinikizo kubwa kuliko kawaida, na zinaweza kupiga mahali tofauti na zile ulizojaribu asubuhi.

Kuilinganisha bunduki

Fanya kazi hii katika uwanja wa shabaha au eneo lililoidhinishwa, penye tuta nene la udongo nyuma ya karatasi. Shamba la mikorosho halifai hata kama linaonekana tupu, kwani risasi hii husafiri zaidi ya kilomita 4, na wakati wa kuokota korosho kuna watu chini ya kila mti. Vaa vizuia sauti masikioni. Mifuko ya kuegemeza ijazwe pumba za mpunga au mchanga mkavu wa mtoni; mchanga wa ufukweni una chumvi, nao hudondoka kwenye bolti.

Anza kwa mita 25. Toa bolti, tazama karatasi kwa kupitia ndani ya mtutu mpaka duara liwe katikati, kisha, bila kuitikisa bunduki, sogeza vitufe vya darubini mpaka msalaba wake uangukie hapohapo. Hatua hiyo peke yake huokoa risasi nyingi. Piga moja, rekebisha, piga nyingine. Risasi ikigonga ulipolenga, nenda mita 100.

Kwa mita 100 piga tatu kwa kulenga pale pale, bila kurekebisha katikati, kisha pima katikati ya kundi lake. Darubini yenye kipimo cha robo dakika ya pembe husogeza karibu milimita 7 kwa kila mlio wa kitufe katika umbali huu. Ile ya moja ya kumi ya mili (miliradiani) husogeza sentimita 1. Kundi la sentimita 4 linatosha kabisa kwa swala. Usijitese kulitafuta la sentimita 2, na usiharakishe: mtutu wa magnum hupata moto upesi, na ukiushika kwa kiganja ukashindwa kuuacha mkono hapo, hauko tayari kwa kundi jingine. Fanya kazi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kwa kuwa baada ya hapo joto linalopanda kutoka ardhini huichezesha karatasi ndani ya darubini.

Vitabu vya Marekani hupendekeza kundi liwe juu ya shabaha kwa sentimita 4 hadi 5 kwenye mita 100, ili risasi irudi kwenye shabaha kwa mita 200. Kwa msitu wa Lindi na Mtwara mimi naweka sentimita 3. Kwa greni 180, risasi itakuwa juu kwa sentimita 1 hivi kwenye mita 150, na chini kwa sentimita 4 au 5 kwenye mita 200. Maana yake ni kwamba katika umbali wote unaostahili kupigwa huku, unalenga moja kwa moja mahali unapotaka, bila hesabu. Anayelazimika kufanya hesabu kichwani, mnyama akiwa amesimama, amekwisha kuchelewa.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huiruka. Futa mafuta yote ndani ya mtutu kwa vitambaa vikavu, kwa sababu risasi ya kwanza ikipita kwenye mafuta inaweza kuhama sentimita kadhaa. Bandika karatasi mpya. Asubuhi ya kwanza piga risasi moja tu, kwa kusimama na kuegemea vijiti vitatu vya mwanzi vilivyofungwa juu kwa mpira wa tairi la ndani la baiskeli, kama utakavyofanya porini. Andika tarehe kando ya tundu, ondoka. Kesho yake rudia kwenye karatasi ileile, na keshokutwa, mpaka uwe na matundu matano ya asubuhi tano. Karatasi hiyo ndiyo inayosema ukweli kuhusu bunduki na kuhusu mpigaji wake. Matundu yakikaa ndani ya kiganja cha mkono kwa mita 100, uko tayari. Yakitawanyika, hata kama makundi ya mezani ni mazuri, tatizo ni bega na kidole. Rudi nyumbani ufanye mazoezi ya kufyatua kwa risasi bandia, bunduki ikiwa imekaguliwa kuwa tupu, kila jioni mpaka msalaba usitikisike pini ya kufyatulia inapogonga.

Kupakia porini

Ndani ya gari chemba iwe tupu daima. Magazini nyingi za .300 huchukua risasi tatu. Zisukume mpaka zigonge ukuta wa nyuma, kwani risasi zilizokaa mbele hupondeka ncha kwa teke la bunduki. Ingiza risasi kwenye chemba baada tu ya kushuka, kuliacha gari nyuma na kukubaliana na askari wa wanyamapori aliyefuatana nawe kwamba mnaanza kufuata nyayo. Kizuizi cha usalama kibaki kimefungwa na mdomo wa mtutu uelekee mahali pasipo na mtu. Mnaposhuka korongo au kuvuka kijito kwenye pori la Lukwika-Lumesule, toa risasi kwenye chemba kwanza.

Mnyama akisimama ubavu, fuata mstari wa nyuma wa mguu wa mbele hadi theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini, upige hapo. Akisimama akikutazama uso kwa uso nyuma ya vichaka, subiri. Hakuna magnum inayopita kwenye matawi bila kupinda. Wawindaji wengi wa huku husoma Bismillahi kabla ya kufyatua na huwahi kuchinja mnyama akingali na uhai, kwa hiyo kisu kikali kiwe kiunoni, si kwenye gari. Lakini koki tena mara tu baada ya kupiga, bila kuondoa jicho kwenye darubini, na usimkaribie mnyama mpaka uhakikishe ametulia.

Chumvi, unyevu na salfa

Bunduki inayokaa Mtwara mjini, Mikindani au Kilwa Masoko hupumua chumvi kila siku. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila baada ya kuishika, na usiihifadhi ndani ya mfuko wake wa safari, kwa sababu sponji la mfuko hunyonya unyevu na kuukumbatisha chuma. Mkulima wa korosho ana hatari moja zaidi. Salfa ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ikikutana na unyevu, hula chuma na kuifanya shaba ya maganda kuwa nyeusi. Stoo yenye mifuko ya salfa isiwekwe kabati la bunduki wala boksi la risasi, hata kwa usiku mmoja. Kama umetoka kupulizia, oga na ubadilishe nguo kabla ya kuigusa.

Baada ya safari, sukuma brashi ya shaba kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni, ufuatishe vitambaa hadi vitoke safi, kisha upake mafuta kiasi. Kabla ya kuifungia bunduki kwa ajili ya masika, kagua zile tone za rangi kwenye skrubu, pitisha noti chini ya mtutu, na uandike kwenye daftari idadi ya risasi zilizotumika pamoja na zilizobaki, ili hesabu yako ilingane na ya kibali siku ya ukaguzi.